Lori la Krismasi

"Panda gari! Panda gari! Moja moja! Wewe wa nyuma, wacha kusukuma! Panda gari!"

Sauti ya Ajok ilitoka kwenye kipaza sauti cha mkononi, ikazunguka uwanja wote wa shule pale Kyambogo, Kampala, ikagonga kuta za madarasa na kumrudia masikioni. Mwenyewe aliipenda. Hakujua kama kifuani mwake mlikuwa na sauti kubwa kiasi hicho. Kazini kwake, mlangoni pa supamaketi moja ya Nakawa, kutwa nzima husema maneno mawili matatu tu, fungua mkoba, asante, pita, tena kwa upole wa kujipendekeza, maana mteja akinuna anayeitwa ofisini ni mlinzi. Leo alikuwa amepewa kipaza sauti na watu wa kuwaongoza, na moyo ulikuwa umemchangamka.

Basi la kukodi lilisimama karibu na goli, mlango wazi. Wenzake wa kujitolea walikuwa wamegawanywa kwa ajili ya mazoezi ya kupokea wageni wa mashindano ya mpira: hawa wawe mashabiki kutoka Tanzania, hawa Wakenya, hawa Wakongo wasiojua wafikie wapi. Kila mmoja aliigiza kwa moyo wote. Mmoja alidai amepoteza tiketi, mwingine alidai amepoteza mke. Waliposikia sauti ya Ajok walicheka, wakalikimbilia basi kwa vifijo na kuanza kupanda.

Wote walipanda isipokuwa Mama Nabukeera. Yeye alikuwa amekaa chini.

Alikaa kwenye vumbi, miguu ameinyoosha mbele, mikono juu ya mapaja, akitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Waliokuwa madirishani wakaangua kicheko, kwa sababu walimzoea kwa mizaha yake. Tangu mafunzo yaanze ndiye aliyekuwa chumvi ya darasa. Ajok naye akacheka. Akainua tena kipaza sauti, akamwelekezea, akasema kwa sauti ile ile ya kutoka tumboni, "Wewe mama! Simama! Panda gari!"

Nabukeera hakuinua uso. Ndipo Ajok alipoviona viatu. Alikuwa amevivua bila kuambiwa na mtu, akaviweka kando yake vikiwa vimekaribiana, kwa utaratibu wa mtu anayejua kinachofuata.

Kicheko kilimfia Ajok mdomoni. Husnah, mwalimu wao wa Kiswahili, msichana wa Kinubi kutoka Bombo, alikuja mbio akachutama pale vumbini.

"Mama, umeanguka?"

"Sijaanguka," alisema Nabukeera. "Ni mguu tu. Umekufa ganzi."

Alivaa viatu kimoja kimoja, akajipangusa sketi, akaenda zake hadi getini bila kumtazama mtu. Ndani ya basi mmoja akauliza kama mazoezi yanaendelea.

Dereva wa basi, mtu mzima aitwaye Siraje, alishuka akamsogelea Ajok. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayemwambia mtu kwamba nguo yake imechanika nyuma.

"Dada, wewe ni mtoto ya kambi?"

"Ndiyo."

"Nilisikia. Hiyo neno, dada, hapa Kampala haisemwi hivyo. Watu wakubwa wanaijua."

"Si ni kupanda gari tu?"

"Mimi ni dereva miaka yote hii. Nasema karibuni, ingieni ndani. Ile sijasema hata siku moja."

Vijana waliokuwa ndani ya basi hawakuelewa kitu, na hawana lawama. Kwao kupanda gari ni kupanda gari. Lakini kwa waliokuwa hai miaka ile ya vita, miaka ya themanini, panda gari lilikuwa jina. Alfajiri askari huzunguka mtaa. Watu hutolewa majumbani, hukalishwa chini, huvuliwa viatu ili wasikimbie, halafu mmoja hupita mbele yao akinyoosha kidole, na anayenyooshewa kidole huambiwa maneno hayo mawili. Waganda hawakuyatafsiri. Waliyaacha katika Kiswahili chake, wakawa wanasema fulani alikwenda na panda gari, na aliyesikia hakuuliza zaidi, maana wengi waliopandishwa hawakurudi.

Ajok hakujua? Alijua. Hapo ndipo aibu ilipomng'ata. Alikuwa ameyasikia redioni, ameyasikia kwa wapangaji wenzake, na kila aliposikia alitikisa kichwa kama watu wengine. Lakini nyumbani kwao maneno hayo yalikuwa na maana nyingine, na mtu akipenda kitu chake huwa haulizi jirani anakiitaje.

Alizaliwa na kukulia katika kambi ya jeshi. Baba Mwacholi, mama Mlugbara, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, basi wakapika kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, wakalea kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha kambi, kisicho na tafadhali wala samahani. Kila Krismasi, baba yake alileta lori la jeshi mbele ya nyumba za kambi na watoto wote wakapangwa mstari wakiwa na nguo mpya. Aliwabeba mmoja mmoja kwapani na kuwarusha ndani. Zamu yake ilipofika, baba alibana sauti na kukunja uso wa kumtisha: "Ajok! Panda gari!" Naye alicheka mpaka akapaliwa. Walikwenda ziwani. Alikumbuka upepo, na chuma cha lori chini ya viganja, na sakafu yenye maji iliyoilowesha gauni lake la Krismasi mpaka mama akamfokea. Katika maisha yake yote hapakuwa na maneno mawili yaliyomfurahisha kuliko hayo.

Alipokuwa mkubwa alijifunza kukificha Kiswahili hicho. Ukikisema sokoni, mwenye nyanya anakutazama mara mbili, na mapolisi wanadhani wewe ni mwenzao. Alisema Kiganda na wateja, Kiingereza na meneja, Kiswahili akabaki nacho nyumbani pamoja na baba yake mzee. Kisha ikatangazwa kwamba mashindano ya mpira ya Afrika yatachezwa nchi tatu kwa mpigo, Kenya, Tanzania na hapa Uganda, na kwamba wanatafutwa watu wa kujitolea wanaojua Kiswahili, wawapokee wageni. Ajok alisoma tangazo hilo kwenye simu akiwa amesimama mlangoni pale supamaketi, akalisoma tena. Miaka yote amekuwa mtu wa kuwazuia watu mlangoni ili wapekuliwe. Sasa angekuwa mtu wa kuwakaribisha, na fulana ya njano juu yake, na kile alichokuwa akikionea haya ndicho kilichotakiwa.

Darasani wakamwita Profesa. Aliongea upesi upesi, hakuna aliyemfikia. Na aliyemsifu kuliko wote alikuwa Nabukeera, mshonaji wa gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Kiganda, kutoka Kasubi, ambaye binti yake aliolewa Mwanza na mkwe hajui Kiganda hata neno. "Nataka nimgombeze kwa lugha anaisikia," ndivyo alivyowaeleza siku ya kwanza. Walikaa benchi moja, wakala karanga kutoka kwenye mfuko mmoja. Husnah akisema "samahani" na "tafadhali" kwa midomo yake ya kupendeza, wao wawili walitazamana na kuzuia kicheko. Nabukeera akisema "habali ya asubuhi," Ajok alimrekebisha, naye alijibu kwamba hiyo ndiyo habari ya Kasubi, wageni wataizoea.

Huyo ndiye ambaye Ajok alimwelekezea kipaza sauti.

Alirudi nyumbani jioni ile kwa miguu, ingawa ni mbali. Walipanga vyumba viwili nyuma ya soko la Nakawa, na baba yake, Mzee Saverio, alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni akiwa ameshanyoa, maana siku za mafunzo alijiandaa kusikiliza habari kama mtu anayengoja mechi.

"Profesa amerudi," alisema. "Walikupa kipaza sauti?"

"Walinipa."

"Ukasema namna gani? Sema nisikie. Sauti itoke kwa tumbo, kama nilikufundisha."

Ajok aliinama akajifanya anafungua viatu. Ni kweli ndiye aliyemfundisha. Wiki nzima walikuwa wakifanya mazoezi pale mlangoni, mzee akiwa mgeni, yeye akiwa mwenyeji, na majirani wakicheka.

"Baba," alisema akiwa bado ameinama, "wakati wa vita wewe ulikuwa kazi gani?"

"Si unajua. Dereva."

"Dereva wa nini?"

"Wa lori."

"Lori gani?"

Mama mmoja alipita na ndoo ya maji akawasalimu, wakaitikia wote wawili.

"Kulikuwa lori moja tu," alisema hatimaye. "Ile zingine zilikuwa zimekufa."

"Mlikuwa mnabeba watu."

"Mimi nilikuwa naendesha. Mimi sikushuka, Ajok. Hata siku moja mimi sikushuka kwa gari." Alilisema kwa haraka, jibu lililokaa tayari miaka mingi likingoja mwulizaji. "Wao wanasema panda, watu wanapanda, wao wanagonga chuma, mimi naendesha."

"Na sisi watoto mkatupandisha humo humo."

"Tulikuwa tunaiosha kwanza," alisema Mzee Saverio. Alimtazama bintiye kwa mshangao, kama aliyesingiziwa uchafu. "Wewe umesahau? Tuliosha vizuri kabisa. Ndiyo sababu ilikuwa na maji."

Ajok aliingia ndani. Alisimama mbele ya jiko na hakukumbuka alichofuata. Alimwonea baba yake aibu, aibu ya kutotaka majirani wamwone pale kitini na ndevu zake zilizonyolewa. Kisha akajionea aibu mwenyewe, kwa sababu ile mikono ndiyo iliyombeba, na hata sasa, akijua anayoyajua, mwili wake bado uliikumbuka siku ile kuwa siku ya furaha. Alipakua viazi na maharage, akampelekea. Mzee alikula yote akarudisha sahani.

Kesho yake alitoka zamu saa ya mchana akaenda Kasubi. Njia nzima alitafuta maneno, akagundua kuwa hana. Kiswahili chake kilikuwa na pole, na pole ni neno la mtu aliyekukuta umeumia, si la yule aliyekuumiza. Samahani ilikuwa ya Husnah, ile waliyoichekea. Sasa aliikariri ndani ya moyo na ikawa inamkwama kama gauni la kuazima.

Nabukeera alikuwa barazani kwake, cherehani mbele, kitambaa cha gomesi ya harusi kimemwagika mapajani. Alimwona kutoka mbali.

"Eh, Profesa! Kalibu, kalibu."

Ajok alipiga magoti, akamwamkia kwa Kiganda kama mtoto anavyomwamkia mkubwa. Mwenzake aliitikia, akamuuliza ya kazini, akamuuliza ya mzee nyumbani, akaita ndani chai iletwe. Chai ikaletwa. Walizungumza bei ya uzi. Walizungumza mkwe wa Mwanza. Adabu ya Waganda ni ukuta uliopakwa chokaa vizuri; unaweza kuuzunguka siku nzima usione mlango.

"Nnyabo," alisema Ajok mwishowe, "samahani. Ya jana. Nsonyiwa, nisamehe." Machozi yalikuwa karibu na hakutaka yaonekane, asije akabembelezwa yeye.

Nabukeera aliendelea kusukuma kitambaa chini ya sindano.

"Hakuna kitu. Wewe ulikuwa mtoto wakati ile. Haukujua."

Hapo njia ilikuwa imefunguka. Angeweza kushukuru, amalize chai, aage, na Jumamosi wakakaa tena benchi moja wakala karanga. Mwenzake alikuwa amemsamehe kwa kosa dogo alilolileta. Ajok alikitazama kikombe, akaona kwamba akikubali kuitwa mtoto asiyejua, atakuwa amemdanganya mama huyu mara ya pili.

"Baba yangu alikuwa dereva," alisema.

"Dereva wa?"

"Wa lile lori. La panda gari."

Cherehani ilinyamaza. Nabukeera alikata uzi kwa meno, akaukunja ule uzi kidoleni, akaukunjua. Hakumtazama. Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa akiuza chapati na kuita wateja, na waliisikiliza sauti yake wote wawili.

"Bado iko?"

"Yuko. Ninaishi naye."

"Akili yake?"

"Iko sawa."

"Macho?"

"Anaona."

Nabukeera alitoa kitambaa mapajani, akakikunja bila haraka na kukiweka juu ya mashine.

"Nilikuwa na kaka yangu, Lutaaya," alisema. "Tulikaa chini wote, mimi na yeye na mama. Mimi hawakuniita. Yeye walimwambia panda gali, akapanda. Mama alienda kira mahali. Polisi, hospitali, kwa wakubwa. Kira askali anasema si mimi, mimi sikuwa pale, mimi sijui. Mpaka mama akakufa alikuwa anauliza." Alivuta pumzi. "Lakini dereva hawezi kusema hajui. Dereva anajua balabala. Muulize kutoka hapa ile lori ilikuwa inageuka wapi."

"Unataka kumshtaki?"

"Mimi sitaki kesi. Mama yangu alikufa hajui ageuze uso upande gani akimlilia mtoto wake. Mimi nataka kujua upande."

Ajok alikwenda kutua mzigo, akarudi na mzito zaidi. Garini alisimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo.

Mzee Saverio alimsikiliza mpaka mwisho. Alivua kofia, akaiweka gotini, akaitazama. Ajok alingoja aseme hakumbuki. Wazee husahau, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Huyo mama ni nani kwako?"

"Ni rafiki yangu."

"Atanifanya nini?"

"Hajasema kitu. Anataka kujua njia tu."

Mzee aliivaa tena kofia, akauliza kesho ni siku gani.

"Jumamosi."

"Basi iwe kesho. Nikilala mara mbili, mimi sitakwenda."

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mazoezi makuu, na fulana za njano zingegawiwa hapo hapo. Husnah alikuwa amekwisha kuwaonya kwamba asiyefika nafasi yake inakwenda kwa mwingine, kwa kuwa waliotaka ni wengi. Ajok alimjulisha Nabukeera kwa simu, kisha akampigia Husnah.

"Mwalimu, kesho sitafika."

"Ajok, kesho ndiyo kesho. Hata Mama Nabukeera amenipigia sasa hivi akasema hivyo hivyo. Watawaondoa wote wawili."

"Najua."

"Mmefiwa?"

Ajok alifikiri.

"Sijui kama ni kufiwa," alisema.

Walikodi gari dogo. Mwenye gari alikuwa kijana mwenye jezi ya timu ya taifa, redio yake ikizungumzia wachezaji tangu asubuhi. Mzee Saverio alikaa mbele, amevaa koti. Walipofika Kasubi alishuka kwa shida akasimama kando ya mlango, kofia mkononi, na Nabukeera alikuja akamwamkia kama anavyoamkiwa mkubwa, akamuuliza amelalaje. Mzee alijibu kwa Kiganda chake kibovu kwamba hakulala. Hawakuambizana kitu kingine. Nabukeera aliingia nyuma na Ajok akaingia baada yake.

Jiji lilikuwa limevaa. Bendera za nchi za watu zilining'inia kwenye nguzo za taa, na wafanyakazi walikuwa wakipaka rangi mawe ya kando ya barabara. Kwenye taa za barabarani basi lilisimama ubavuni mwao, na ndani walikuwa vijana wale wale wa Kyambogo, fulana za njano zikiwa bado na mikunjo ya dukani. Mmoja alimtambua, akagonga kioo na kumpungia mkono, akimwonyesha kwa vidole saa, kwamba wamechelewa. Ajok alitamani fulana ile kiasi cha kuumwa. Akaona haya kuitamani, hapo alipokuwa ameketi na hao aliokuwa ameketi nao, akainamisha uso mpaka basi likaondoka.

"Nenda tu," alikuwa akisema mzee. "Nenda. Pole pole."

Nyumba zilipungua. Mzee alitazama kulia na kushoto, na kila alichokitazama kilimkatalia. "Hapa kulikuwa msitu," alisema, na hapo palikuwa na kituo cha mafuta. "Hapa kulikuwa kisima." Kijana alipunguza sauti ya redio, kisha akaizima. Nabukeera alikuwa amesogea mbele, mikono yote miwili imeshika kiti cha mzee, karibu na mabega yake, bila kumgusa.

Ajok aliomba Mungu baba yake akumbuke. Aliomba kwa dhati. Na chini ya ombi hilo lilikuwapo jingine, dogo, lisilo na sauti, lililoomba asahau, njia imkatae kabisa, warudi Nakawa na aendelee kuwa mzee aliyewabeba watoto siku ya Krismasi. Alilisikia. Akamtazama Nabukeera akihofia kwamba naye amelisikia.

"Simamisha," alisema mzee.

Ilikuwa njia panda. Barabara ya lami iliendelea, na vumbi jekundu lilikata pande mbili, huku kwenye migomba, huku kwenye ukuta mrefu wa kiwanda. Mti mmoja mkubwa ulibaki kati yake, umekatwa matawi kwa ajili ya nyaya za umeme.

"Kushoto au kulia, mzee?" kijana aliuliza.

Mzee Saverio alitazama kushoto. Alitazama kulia. Kijana alirudia swali, na Nabukeera akamwambia kwa Kiganda amwache.

Basi mzee akafumba macho. Aliketi wima, akasogeza mgongo kwenye kiti. Mguu wake wa kushoto ukakanyaga sakafu ya gari pale ambapo hapakuwa na kitu. Mikono ikainuka kutoka mapajani, vidole vikajikunja kuzunguka usukani mkubwa usiokuwapo, na kwa muda ikakaa hivyo hewani, kama inayongoja chuma kigongwe nyuma.

Kisha, taratibu, mkono juu ya mkono, ikaanza kugeuka.